Pikipiki ya Theluji ya Muaither

Mwaka 2004, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, ndipo shida zilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini nilishauzoea, hauna neno. Shida ni kuitwa fundi miaka ishirini, kupanda ndege kwa sababu ya ufundi huo, halafu ukishuka Doha unakabidhiwa jagi la maji la lita ishirini ulibebe begani.

Mkataba niliotia saini Dar es Salaam nilisomewa kuwa ni wa fundi wa kuchomelea. Ule nilioukuta Doha ulisema kibarua. Mimi nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo siwezi kuapa kama wa kwanza ulisema kweli nilivyosomewa. Ninachojua ni kwamba miaka mitatu na nusu nilisambaza maji ya kunywa kwenye ofisi na magereji, na bega langu la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Fundi cherehani wangu analijua.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaopita karakanani kwangu hapa Tanga na kuegemea mlango: "Mzee Bakari, eti uliwahi kutengeneza pikipiki ya theluji Uarabuni? Mzee, hiyo kamba!" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kaeni niwaeleze mara moja. Binti yangu Mwanahawa ndiye anayepiga chapa. Maneno ni yangu, makosa ya herufi ni yake.

Tulikuwa tunaishi Sanaiya, ndivyo kila mtu anavyoliita lile eneo la viwanda la Doha. Mitaa yake ina namba badala ya majina, na kila mlango ni gereji, stoo au kambi ya wafanyakazi. Chumba chetu watu wanane. Siku moja nikaingiza jagi kwenye gereji ya mzee mmoja wa Kipakistani, ndevu zake zimepakwa hina. Alikuwa amechutama anachomelea ekzosi ya gari la jangwani. Nikasimama. Sikutaka kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha chuoni, yaani madrasa, ambacho nilifundishwa kwa ajili ya kusomea, siyo kugombania:

"Hapo patavuja."

Akainua kinyago. "Muuza maji anataka kunifundisha kuchomelea?"

"Mimi si muuza maji. Mimi fundi, nimebeba maji."

Akanitazama kutoka viatuni mpaka kwenye kofia, halafu akaninyooshea mkono wa mashine, nadhani ili anicheke. Bomba jembamba, vijana, usilichomelee kama unapaka rangi ukuta. Weka nukta moja huku, moja ng'ambo ya pili, zunguka hivyo hivyo, liache lipumue, ndipo uzibe katikati. Ukienda mfululizo litajikunja kama karatasi ya sambusa. Nilipomaliza akaziba upande mmoja kwa tambara, akajaza maji yangu mwenyewe niliyomletea, akasubiri. Halikudondoka tone.

"Ijumaa njoo," akasema. "Na jagi liache kambini."

Huyo ndiye Gulzar. Tukawa tunaongea Kiarabu cha gereji, yaani nusu maneno, nusu mikono. Alinifundisha zaidi ya yeyote maishani, na hakuna siku aliyonifundisha bila kunitukana kwanza.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu kule. Gereji ya mgeni huwa na mwenyeji aliyeandikwa kwenye leseni. Ya Gulzar ilikuwa kwa jina la Mkatari mmoja mstaafu aliyeishi Muaither, kitongoji cha Doha, tukimwita Bu Nasir, yaani baba yake Nasir, kwa kuwa ndivyo wanavyoitana kwa heshima. Mwaka 2007, mwezi wa nane, Bu Nasir akamwambia Gulzar alete mtu anayejua ekzosi. Gulzar akanileta mimi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, na chini ya banda turubai. Bu Nasir akalivuta. Nikaona kitu chenye pua kama boti, nyuma kina mkanda mpana wa mpira kama wa katapila, mbele kina mbao mbili ndefu zilizopinda ncha.

"Hii ni boti au trekta?" nikauliza.

"Huu ni ujana wangu," akasema Bu Nasir.

Alisoma nchi ya baridi alipokuwa kijana, akainunua kule ikiwa imeshatumika, pikipiki ya kuendeshea juu ya theluji, na aliporudi kwao akaipakia kwenye kontena pamoja na vitabu. Ilikaa chini ya turubai miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Sasa binamu yake, Bu Jasim, ambaye alikuwa na magari ya jangwani manne na mdomo wa watu wanane, alikuwa akimwambia kila wakikaa barazani: "Kitu chako hicho panda maua ndani yake." Bu Nasir akaapa ataipandisha lile tuta kubwa la mchanga kusini, upande wa Mesaieed, mbele ya ukoo mzima, wakati wa baridi watu wanapokwenda kupiga mahema. Tayari alishaagiza ekzosi mpya mbili kutoka nje, zimo kwenye boksi.

Na mimi nilikuwa na langu. Mkataba wangu na kampuni ya maji ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Januari, na kampuni ilikuwa imeshaniandikia tiketi ya kurudi. Ili nihamie gereji ya Gulzar kama fundi halali, mudiri wa kampuni, yaani meneja, lazima asaini karatasi ya kuniachia. Mudiri yule hasainii mtu. Labda Mkatari aende mwenyewe, akae ofisini kwake, anywe kahawa yake, aombe kwa mdomo wake. Nikamweleza Bu Nasir bila kuzunguka.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini nataka nikifika niseme, huyu ni fundi, nimeona kwa macho. Nipandishe tuta kwanza."

Basi. Nikishindwa, narudi Tanga na bega lililoshuka na ufundi wa kubeba maji.

Tukaondoa zile mbao za mbele tukafunga magurudumu madogo ya mpira, na chini ya mkanda tukaongeza vigurudumu, maana mchanga hautelezi kama theluji. Hiyo ilikuwa kazi ya Gulzar. Kazi yangu ilikuwa ekzosi, na hapo ndipo nilipofanya upumbavu wa kwanza.

Zile ekzosi zilikuwa na matumbo. Linaanza bomba jembamba, linanenepa katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, linasinyaa tena mwishoni. Mimi nilikuwa nimezoea malori. Ekzosi ya lori kazi yake ni kutoa moshi, kwisha. Nikasema hawa Wazungu wanapenda urembo. Tumbo likawa linagusa boneti, nikachukua msumeno, nikakata kiasi cha vidole vitatu kwenye shingo za mabomba yote mawili, nikaunganisha vizuri sana. Kiungo hukioni hata kwa miwani. Tukawasha. Ikisimama inanguruma vizuri, lakini ukiipa moto iondoke inakohoa kama mzee wa tumbaku na haivuti.

Gulzar akaja na futi yake. Akapima, akapima tena.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linagusa."

"Mke wako akikugusa utamkata shingo?"

Otieno, dereva wa nyumba ile, Mluo wa Kisumu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Gulzar hakucheka. Akanieleza kwa mikono, na mimi nawaeleza ninyi. Injini ile ni ya kuchanganya petroli na oili, haina valvu. Moshi ukitoka, petroli mbichi nayo inataka kutoroka nyuma yake. Mlio wa injini unakwenda mpaka mwisho wa tumbo, unagonga pale linaposinyaa, unarudi nyuma, na ukirudi unaisukuma petroli ndani kama mama anayerudisha watoto nyumbani. Mlio huo unahitaji muda wa kwenda na kurudi. Ukifupisha bomba, unarudi kabla ya wakati wake na kila kitu kinavurugika.

Nilivitafuta vile vipande kwenye pipa la chuma chakavu nusu siku. Nikavirudisha. Toka siku hiyo, ekzosi yenye tumbo ikigusa, nasogeza kishikio, nasogeza boneti, nasogeza hata roho yangu, lakini urefu siugusi.

Na wakati wa kufunga, usikaze kitu chochote mpaka vyote vimekaa mahali pake. Fundi mwenye haraka anakaza mdomoni mwa injini kwanza, halafu huku nyuma analazimisha kwa nyundo, na baada ya wiki bomba linapasuka. Zile ekzosi mdomoni zinashikwa kwa springi, kwa sababu injini inatetemeka na bomba lazima litetemeke nayo. Springi usiivute kwa koleo, itachomoka ikutoe jicho. Chukua kamba ya kiatu, ipitishe mara mbili, vuta taratibu. Hakuna duka linalouza kifaa kizuri kuliko kamba ya kiatu.

Halafu likaja suala la jeti. Jeti ni kijiskrubu cha shaba kinachokaa ndani ya kabureta, kina tundu katikati. Tundu likiwa kubwa petroli inapita nyingi, likiwa dogo inapita kidogo. Kwenye boksi la ekzosi kulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na Otieno akaishika kama hakimu.

"Mzee, hapa wamesema ukifunga hizi ekzosi lazima uongeze jeti. Namba mbili juu."

"Kuongeza?"

"Kuongeza. Wameandika hata na herufi kubwa."

"Aliyeandika amevaa nini?"

"Sasa buda, mimi nitajuaje amevaa nini? Hii ni karatasi."

"Si kuna picha hapo. Tazama."

Akatazama. "Kuna jamaa amekalia hiyo mashine. Ako na koti kubwa, glavu, na kofia ya kufunika maskio."

"Na mimi nimevaa nini?"

"Wewe uko na singlendi. Na imelowa."

"Basi karatasi hiyo si yangu."

Ilikuwa Septemba, saa nane mchana, nyuma ya nyumba ile ya Muaither, spana ukiiacha juani huishiki bila tambara. Hewa ya joto ni nyepesi, injini ikivuta inapata kidogo. Kwa hiyo petroli nayo ipungue. Badala ya kuongeza namba mbili, nikapunguza tatu. Otieno akaniambia nitaua mashine ya watu. Nikamwambia akae pembeni na karatasi yake.

Kuna njia moja tu ya kujua kama umepatia, na haihitaji shule. Endesha kwa nguvu zote, kisha zima hapo hapo ukiwa bado kwenye nguvu zote. Usiiache ingurume polepole kwanza, itakudanganya. Fungua plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli nyingi. Ikiwa nyeupe kama chaki, petroli kidogo, na injini inajichoma yenyewe kwa ndani. Ikiwa rangi ya andazi lililoiva, usiguse kitu tena, nenda kale. Nilimfundisha Bu Nasir mwenyewe kufanya hivyo pale uwanjani, maana yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha. Tulipofungua plagi, andazi. Zote mbili. Ile mashine ilikuwa inalia kama nyuki elfu kumi waliokasirishwa, mkanda unarusha vumbi mpaka nguo za jirani zilizoanikwa zikawa za kahawia. Jirani alikuja kulalamika, akaishia kuomba apande.

Nilijisifu. Nawaambia wazi kwa sababu kujisifu ndiko kulikoniponza. Miezi minne nilizunguka Sanaiya na majagi yangu nikimwambia kila mtu kwamba mimi, wa darasa la tatu, nimeishinda karatasi ya Wazungu.

Ngoja kidogo, kabla sijafika kwenye tuta. Miaka ya baadaye, nadhani 2014, gereji yetu ilimwajiri fundi kijana wa Kifilipino aliyekuwa na kompyuta. Anachomeka waya kwenye gari, anasoma injini kwenye kioo, anabadilisha petroli kwa kidole. Mimi sikumdharau. Nilimwomba anifundishe, akanifundisha, nikashika kama robo. Lakini siku moja gari likawa linanuka, kompyuta inasema kila kitu kizuri, na yeye anahangaika. Nikapiga magoti nyuma, nikaweka pua kwenye ekzosi. "Gasketi ya kichwa," nikasema. "Nasikia harufu ya maji ya rejeta, tamu tamu." Akafungua, ndiyo ilikuwa yenyewe. Akaniambia, "Kuya, hiyo pua yako ina programu gani?" Kuya kwao ni kaka mkubwa. Shikeni kompyuta, vijana, ni kitu kizuri. Ila msizike pua zenu.

Sasa tuta.

Ijumaa ya Januari, jua ndiyo kwanza linatoka. Ukoo mzima upo, mahema, magari, wazee wamekaa kwenye mazulia wamejifunika majoho ya manyoya. Nyinyi mnadhani jangwa ni joto tu. Asubuhi ile pumzi zilikuwa zinatoka kama moshi. Bu Nasir alinipa koti lake la zamani la kule alikosoma, refu mpaka magotini, na Otieno akanipa glavu na kofia ya masikio. Nikawasha mashine, ikalia vizuri kuliko siku zote. Vizuri mno, ningekuwa na akili ningeshtuka. Nikamwambia Bu Nasir, "Yalla."

Akaondoka kama risasi. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka kwenye hema lao. Akafika robo ya tuta, akafika nusu, sauti inapanda, inapanda, inakuwa nyembamba kama firimbi. Halafu, kat. Kimya. Bu Nasir na ujana wake wamekwama katikati ya tuta kama nzi ukutani, wakaanza kuteleza kurudi chini kinyumenyume, taratibu, mbele ya watu wote.

Bu Jasim akasimama kwenye zulia lake. "Leteni maua! Leteni maua tupande!"

Watoto wakacheka, wazee wakacheka, mpaka aliyekuwa akimimina kahawa akaimwaga.

Gulzar akaninong'oneza: "Sema ni petroli mbovu. Kila fundi duniani husema ni petroli."

Nikafungua plagi. Nyeupe kama chaki, na pembeni yake vijitone vya pistoni iliyoyeyuka. Sikuelewa. Jeti zile zile, ekzosi zile zile, petroli ile ile. Nimeshika plagi, naigeuza geuza, nawaza tiketi ya kurudi kwetu. Otieno akaja akasimama mbele yangu, akanitazama juu mpaka chini, koti, glavu, kofia ya masikio.

"Buda," akasema polepole, "leo wewe ndiye yule jamaa wa kwenye picha."

Wallahi nilitaka mchanga unimeze. Hewa ya baridi ni nzito, injini ikivuta inapata nyingi, na petroli lazima iongezeke, la sivyo moto unakuwa mkali ndani na pistoni inayeyuka. Nilijua hivyo. Ndiyo maana niliikataa karatasi! Lakini sisi watu wa pwani tuliokaa Doha, adui tunayemjua ni joto. Nilijivika koti mwenyewe na injini nikaiacha na singlendi.

Bu Nasir alikuwa ameshuka kwa miguu, kanzu imejaa mchanga. Nikamfuata.

"Si petroli," nikasema. "Ni mimi. Niliiwekea jeti za Septemba. Sikufikiria kuwa nayo inasikia baridi."

Gulzar akajipiga paji la uso.

Bu Nasir akakung'uta mchanga kwenye kanzu. Nyuma yake bado walikuwa wanaimba habari za maua. "Tiketi yako lini?"

"Siyo Jumanne hii, ile inayofuata."

"Basi kuna Ijumaa moja katikati. Nikipanda, Jumapili nitakuwa ofisini kwa mudiri wako. Nisipopanda, ya Bakari, nitakwenda kumwambia nini?"

Ile wiki nilibeba maji mchana na kufungua injini jioni. Kwenye kreti iliyokuja na mashine kulikuwa na pistoni za akiba, Mungu ambariki aliyezipakia. Silinda ilikuwa imegandwa na pistoni iliyoyeyuka. Hapo wengi hutupa silinda. Usitupe, kama ndani ni chuma cha kalibu, yaani cha kumimina. Chukua asidi ya kusafishia vigae vya chooni, paka kwa kijiti chenye pamba penye ukoko tu, ingoje ichemke, futa, paka tena. Asidi inakula ile pistoni iliyoganda, chuma haikijali sana. Osha kwa maji mengi, pitisha msasa laini wenye oili kwa mkono wa kuzungusha, iwe na mikwaruzo ya kukatizana, ndipo oili ipate pa kushika. Vaa glavu. Mimi sikuvaa, na kidole hiki kidogo hakina alama mpaka leo. Ofisi ya vitambulisho walihangaika nacho.

Na safari hii nikakusanya jeti za kila namba ambazo Gulzar alikuwa nazo, nikazipanga kwenye kopo la peremende lenye vyumba vitatu. Namba sikuziandika. Niliziita kwa nguo: jeti za koti, jeti za shati, jeti za singlendi. Gulzar alicheka, lakini miaka kumi baadaye alikuwa bado ananipigia kelele kutoka uvunguni mwa pikipiki: "Bakari! Leo shati au singlendi?"

Ijumaa ikafika. Baridi vilevile. Nikafunga za koti, tayari. Bu Jasim akasema hakuna kupanda tuta na tumbo tupu, leteni chai. Ikaja chai ya maziwa ya iliki, yakaja mayai, ukaja mkate, zikaja hadithi. Jua linapanda. Nikavua glavu. Nikavua kofia. Hadithi zinaendelea. Nilipojikuta nimevua koti na kuliweka magotini, nikasimama, nikaenda kwenye mashine nikaanza kufungua kabureta.

"Ee!" Bu Jasim akapaza sauti. "Imekufa kabla haijaondoka?"

"Hapana, mzee. Naibadilisha nguo."

Kicheko hicho kilisikika mpaka baharini. Bu Jasim akaja na kikombe chake, akachutama karibu yangu. "Ina nguo ngapi?"

"Tatu."

"Mke wangu anazo mia tatu na bado hapandi tuta."

Hata Bu Nasir alicheka. Nikafunga za shati. Akapita chini kwenye tambarare mara moja, akazima, nikafungua plagi huku zikiniunguza vidole. Andazi. Nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa, nikafunga.

Akaondoka. Robo. Nusu. Pale pale alipokwama wiki iliyopita mtu mmoja akaanza kusema "maua", akanyamaza mwenyewe. Robo tatu. Mchanga unaruka nyuma kama maji ya bomba lililopasuka, ekzosi zinalia mpaka kwenye meno nilizisikia. Akafika juu, akaning'inia kidogo, akapotelea ng'ambo.

Halafu, kat. Kimya.

Sikusubiri mtu. Nilipanda tuta lile kwa miguu na mikono, Otieno nyuma yangu anasema "pole pole Mzee, moyo", na moyo wenyewe ulikuwa mdomoni. Ukipiga hatua moja unarudi nusu. Nikafika juu nikachungulia. Bu Nasir amekaa juu ya mashine, hatua chache tu ng'ambo ya kilele, kilemba hana, machozi yanamtoka na meno yote nje.

"Imekufa?" nikauliza.

"Nimeizima mimi," akasema. "Si ulisema nizime nikiwa kwenye nguvu zote? Fungua, fungua tuone!"

Nikafungua. Andazi zima la kushoto, andazi zima la kulia. Akaninyang'anya plagi moja, akakwea hadi kileleni, akaiinua juu kama kombe, akawapigia kelele walioko chini. Chini wakajibu. Bu Jasim alikuwa akipiga honi za magari yake yote, anakimbia kutoka gari hadi gari. Mimi na Otieno na Mkatari mwenye nyumba ya ghorofa mbili tukacheza pale juu kama watu waliorukwa na akili, na mimi kucheza sijui.

Jumapili Bu Nasir akaenda kwa mudiri. Nilisimama mlangoni. Akakaa, akanywa kahawa, akaomba ya pili. Mudiri akasema, "Lakini huyu ni mbeba maji tu, ya Bu Nasir."

"Basi hutapata tabu kumpata mwingine," akasema Bu Nasir, akaomba kahawa ya tatu. Alivyokaa ilikuwa wazi kwamba angeweza kunywa mpaka Alasiri. Mudiri akasaini. Jumanne ndege iliondoka, kiti changu alikaa nani sijui. Mimi nilikuwa Sanaiya, chini ya gari, nimevaa ovaroli yenye jina langu kifuani, na Gulzar ananitukana.

Nilifanya kazi pale miaka kumi, nikarudi mwaka 2018 kwa hiari yangu.

Leo ninavyo hivi. Karakana ya mabati, Tanga mjini, milango miwili. Mashine mbili za kuchomelea, moja ya umeme na moja ya gesi. Nyumba ya vyumba vinne Pongwe, imepigwa rangi nje na ndani. Ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja mkorofi. Minazi kumi na minne. Pikipiki moja, majirani wanaijua kwa kelele zake. Mke mmoja, yule yule. Watoto watano, wote wamepita darasa la tatu. Pasipoti moja, ile niliyoendea Doha mara ya kwanza, imekwisha muda wake. Kampuni ya maji ilikaa nayo miaka mitatu na nusu. Sasa iko kabatini kwangu, na ufunguo wa kabati ninao mimi.